Ufunguo Mikononi mwa Wakala: Somo la Mwaka 1988

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, programu ndogo ilianza kuenea katika intaneti changa ya Marekani. Aliyeiandika, Robert Tappan Morris, alikuwa mwanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, kompyuta zipatazo 6,000 ziliambukizwa, yaani kama sehemu moja ya kumi ya zote zilizokuwa mtandaoni. Programu ile haikufuta faili hata moja. Ilijizalisha tu, hadi mashine zikaelemewa.

Ilipenyaje? Ilitumia kasoro za programu kadhaa na kukisia nywila dhaifu. Lakini njia inayonishughulisha zaidi ni ya kuaminiana. Wasimamizi walikuwa wameorodhesha kompyuta "rafiki", ambazo mtumiaji wake angeweza kuingia katika nyingine bila kuulizwa nywila. Walifanya hivyo kurahisisha kazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1995 Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliunda SSH baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo chake. Mawasiliano yakafungwa kwa usimbaji, na ufunguo wa siri ukaweza kuchukua nafasi ya nywila. Hadi leo hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuingia katika seva iliyo mbali. Hata hivyo, SSH ilitatua tatizo la mdukuzi anayesikiliza njiani. Haikutatua swali la nini atakachofanya mwenye ufunguo halali akishaingia ndani.

Swali hilo limerudi kwa sura mpya. Mhandisi humwagiza wakala wa akili mnemba arekebishe hitilafu. Wakala hufungua SSH kwa ufunguo wa mhandisi na kusoma kumbukumbu za seva. Iwapo mtu mwovu amepenyeza maagizo yake ndani ya maandishi hayo, wakala aweza kuyatii, kwa kuwa hana njia ya uhakika ya kutenga habari anayoisoma na amri anayopewa. Hakuna kufuli lililovunjwa.

Mwaka uleule wa 1988, Norm Hardy alieleza kisa cha namna hiyo. Programu ya kutafsiri msimbo ilikuwa na ruhusa ya kuandika katika folda lililokuwa na faili la ankara. Mtumiaji akaitajia faili hilo kama mahali pa kuweka matokeo yake, nayo ikalifuta kwa kuandika juu yake. Hardy alimwita mtumishi wa aina hiyo naibu aliyechanganyikiwa: ana mamlaka ya bwana mmoja, lakini anatekeleza matakwa ya mwingine.

Dawa nayo ni ya zamani. Mwaka 1975 Saltzer na Schroeder waliandika kwamba kila programu ipewe mamlaka madogo kabisa yanayoitosha kazi yake. Kwa wakala, maana yake ni hii: awe na akaunti yake mwenyewe, ufunguo wake uishe muda baada ya kazi, afikie seva zilizoorodheshwa tu, amri za kufuta au kubadili ziidhinishwe na binadamu, na kumbukumbu za matendo yake zihifadhiwe asikoweza kufika.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatachelewesha kazi. Ni kweli. Lakini wasimamizi wa 1988 nao walitafuta wepesi huohuo.

Mwaka 1990 Morris alitiwa hatiani, akapewa adhabu ya miaka 3 chini ya uangalizi, saa 400 za kutumikia jamii na faini. Mahakama ilijua ni nani wa kumhoji. Wakala anayetumia ufunguo wa kuazima huacha jina la aliyemwazima. Basi taasisi inayomkabidhi wakala funguo za hospitali, benki au chuo ijiulize mapema: siku taarifa zitakapopotea, kumbukumbu zitamtaja nani?