Mzee na Mwendo wa Akilini: Historia ya Swali Moja, 1880–2010

Mtu anapozeeka, je, uwezo wake wa kujiona akitembea akilini, bila kuinua hata kidole, nao huzeeka? Kwa kawaida swali hili huachiwa wanasaikolojia na wataalamu wa tiba ya viungo. Lakini limejibiwa kwa namna mbili zisizopatana kwa muda wa miaka 130, na sababu ya kutopatana huko tunaijua vizuri sisi tunaosoma historia: jibu lilifuata chanzo. Waliowauliza watu wenyewe walipata jibu moja, na waliowapima kwa saa walipata jingine. Katika insha hii ninavifuata vyanzo hivyo viwili. Hoja yangu ni kwamba havikuwa vikijibu swali moja, na kwamba mzee ndiye anayeumia vinapochanganywa.

Chanzo cha kwanza ni ushuhuda. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha matokeo ya hojaji kuhusu picha za akilini. Aliwataka watu waifikirie meza waliyoketi asubuhi kupata kifungua kinywa, kisha waeleze picha inayowajia: ina mwanga kiasi gani, rangi zake zikoje, inaonekana yote au kipande tu. Wanasayansi wengi aliowauliza walishangaa. Walidhani kwamba watu wanaposema wanaona kitu akilini wanatumia lugha ya mafumbo tu. Katika kitabu chake cha 1883 Galton aligusia umri, na maoni yake yalikuwa kwamba kupita kwa miaka baada ya utu uzima hakufifishi kipaji hiki. Huenda hata kunakiongeza, isipokuwa kwa wale waliozama mno katika fikra za kidhahania. Msingi wa maoni hayo ulikuwa kauli za watu aliowauliza, basi. Tena meza haitembei. Alichokichunguza kilikuwa hasa picha ya macho, na mwili wa anayefikiri haukuwamo. (Galton ndiye pia baba wa eujeniki, ile nadharia ya kuchagua nani azae na nani asizae, kwa hiyo simsomi bila tahadhari.)

Mwili uliingia muda mfupi baadaye. William James, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha 1890, alishikilia kwamba kuuwaza mwendo tayari ni kuuamsha kwa kiasi fulani mwendo wenyewe. Miaka 40 hivi baadaye, Edmund Jacobson wa Chicago aliunganisha nyaya kwenye misuli ya watu waliotulia kabisa, akawaambia wawaze wanakunja mkono wa kulia. Umeme mdogo ulionekana katika misuli ya mkono ule ule. Hata hivyo kipindi hicho hakikuwa kizuri kwa utafiti wa namna hii. Tangu 1913 John B. Watson alikuwa amewataka wanasaikolojia waachane na kila kisichoonekana kwa nje na wachunguze tabia peke yake. Kwa mtazamo huo, anachokiona mtu akilini mwake hakikuwa ushahidi, kwa kuwa hakuna wa pili wa kukithibitisha. Sisi tuliopitia mijadala kuhusu masimulizi ya mdomo tunazitambua shutuma hizi. Jan Vansina, aliyefanya utafiti Kongo, Rwanda na kwetu Burundi, alilazimika kutetea neno la mzee msimulizi mbele ya wanahistoria waliotaka karatasi tu.

Kilichoirudisha taswira ya akilini katika maabara ni saa. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu michoro miwili ya vitu vilivyoundwa kwa vijiboksi, wakawauliza kama ni kitu kile kile kilichogeuzwa. Kadiri pembe ya kugeuzwa ilivyokuwa kubwa, ndivyo muda wa kujibu ulivyorefuka kwa kipimo kile kile, kana kwamba mtu anakizungusha kitu kweli kichwani, kwa kasi ya nyuzi 60 hivi kwa sekunde. Hakuna aliyehitaji kuamini kauli ya mtu. Muda wenyewe ulisema.

Lakini kwa habari ya mwendo wa mwili, jaribio ninaloliona kubwa kuliko yote lilitoka Ufaransa mwaka 1989. Jean Decety, Marc Jeannerod na Claude Prablanc waliwaomba watu watembee hadi alama zilizowekwa mita 5, 10 na 15, wakiwa wamefumbwa macho baada ya kuiona alama. Kisha wasimame na kuitembea njia hiyo akilini tu. Muda ulikuwa karibu sawa. Halafu watafiti wakawavisha begi la kilo 25 mgongoni. Kwa miguu, watu walifika kwa muda ule ule, maana walijikaza. Kwa mawazo walichelewa. Mwenye kumwona mama akipanda kilima na gunia kichwani ataelewa kilichotokea: akili iliuhesabu uzito ule, na ikaulipia kwa muda. Kwa hiyo taswira ya mwendo ilionekana kuwa kitu chenye mwili ndani yake. Mtu anapowaza kutembea hufanya mahesabu yale yale ya kutembea, ila haondoki. Vipimo vya mtiririko wa damu katika ubongo, kama vile vya Per Roland na wenzake mwaka 1980, vilikuwa vimeonyesha kwamba sehemu ya ubongo inayopanga miondoko ya vidole hufanya kazi hata miondoko ikiwa ya kufikiriwa tu.

Wazee walikuwa wapi muda huu wote? Karibu hawamo. Utafiti wa 1943 wa Vandell, Davis na Clugston, uliochunguza kama kuwaza kutupa mpira wa kikapu kunamfanya mtu atupe vizuri zaidi, ulifanywa kwa wavulana wa shule na wanafunzi wa chuo. Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya fani hii. Mtafiti wa chuo kikuu humpima aliye karibu naye, na aliye karibu naye ni mwanafunzi. Kulikuwa na waliotoka nje ya desturi hiyo: mwaka 1975 Gaylord na Marsh walirudia jambo la Shepard kwa wanaume wazee wakaona wanazungusha vitu akilini polepole kuliko vijana. Ila vitu vilivyozungushwa vilikuwa michoro, si miili yao.

Mwili wa mzee ulipimwa kwa makini zaidi katika miaka ya 2000, hasa Dijon, na kundi la Charalambos Papaxanthis na Thierry Pozzo. Katika utafiti waliouchapisha 2005 wakiwa na Xanthi Skoura, waliwalinganisha vijana na wazee katika mambo matatu: kutembea, kuinuka na kuketi tena kwenye kiti, na kuelekeza mkono kwenye shabaha kwa usahihi. Matokeo yake si yale ambayo mtu angetarajia. Katika kutembea na katika kuinuka kitini, muda wa akilini wa wazee uliendelea kwenda pamoja na muda wa mwili. Mzee anatembea taratibu, na akiwaza anatembea taratibu vilevile. Akili yake imekwisha kupata habari za miguu yake. Palipodaiwa usahihi wa mkono ndipo saa mbili zilipoachana. Ninaliona hili kuwa la maana kuliko kauli ya jumla kwamba uwezo hupungua. Kutembea na kuinuka hufanywa kila siku, na mwili huileta akilini taarifa mpya kila siku. Uwezo haukuwa umeondoka. Ulikuwa umelegea pale kazi ilipokuwa ngumu. Mwaka 2009 Saimpont, Pozzo na Papaxanthis waliwapa watu picha za viganja vilivyogeuzwa huku na huku ili waseme ni cha kulia au cha kushoto. Wazee walichelewa na kukosea zaidi, hasa pale kiganja kilipokuwa katika mkao ambao mkono wa kweli ungeufikia kwa taabu.

Wakati huohuo hojaji hazikuwa zimekufa. Mwaka 2010 Francine Malouin na wenzake wa Québec waliwauliza vijana, watu wa makamo na wazee jinsi wanavyouona na kuuhisi mwendo wakiuwaza. Uwazi wa taswira ulikuwa karibu sawa kwa makundi yote. Ni kana kwamba Galton amerudi! Theo Mulder na wenzake wa Uholanzi, waliowahoji mamia ya watu na kuchapisha 2007, walipata upungufu, lakini mdogo: wazee walikuwa dhaifu kidogo katika kujiona kutoka ndani ya mwili wao, na wakaelekea zaidi kujitazama kwa nje, kama mtu anayemwangalia mwingine.

Rahisi kusema saa imeshinda na mashahidi wameshindwa. Mimi sikubali. Hojaji huuliza, "Je, unaona vizuri?" Saa huuliza, "Je, unachokiona kinalingana na mwili ulio nao leo?" Mzee anaweza kusema kweli kabisa katika swali la kwanza na kushindwa katika la pili, kama shahidi anayelikumbuka tukio kwa uwazi lakini akalitaja kwa mwaka usio wake. Shida ni kwamba mtu anapoamua avuke barabara sasa au asubiri gari lipite, alicho nacho ni ule uwazi tu. Saa ya pili hana.

Hapo ndipo waganga walipoingia. Tangu 1991 kuna kipimo cha Podsiadlo na Richardson kinachotumika sana: mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Olivier Beauchet na wenzake wakaongeza jambo dogo katika utafiti wa 2010: mzee aifanye safari hiyo akilini kwanza au baadaye, na nyakati mbili zilinganishwe. Wazee waliimaliza kwa mawazo haraka kuliko kwa miguu. Jambo hilo halikai vizuri na matokeo ya Dijon juu ya kutembea, na sidhani tunapaswa kulificha. Safari yenye kuinuka, kugeuka na kurudi inadai mpango mrefu kuliko kila hatua yake ikichukuliwa peke yake. Kwa mgonjwa wa kiharusi, ambaye hutibiwa pia kwa kuwaza miondoko asiyoiweza bado, ni muhimu kujua kama mwendo anaouwaza ni wa mwili wake wa sasa au ni wa miaka 20 iliyopita.

Mwaka huo huo wa 2010 Saimpont na wenzake walichapisha utafiti mwingine, na huu ndio ningependa urudiwe kwetu. Waliwapa vijana na wazee picha za mwili katika hatua za kuinuka kutoka sakafuni, wazipange kwa mfuatano. Wazee walitumia muda mrefu na walikosea zaidi. Lakini watu waliopimwa walikuwa wa Ufaransa, ambako maisha huendeshwa juu ya viti. Bibi wa Ngozi au Gitega aliyeketi kwenye mkeka tangu utotoni, anayechambua maharage chini na kuinuka mara kadhaa kwa siku, hajaingia katika hesabu hiyo. Kama maelezo yangu kuhusu matokeo ya 2005 ni sahihi, yeye atazipanga picha zile bila taabu.