Ifatabuguzi: Gazeti Lililomfuata Msomaji hadi Kanama

Mnyarwanda akitaka kuletewa gazeti kila linapotoka, bila kulitafuta dukani, huchukua ifatabuguzi. Neno hilo la Kinyarwanda limejengwa juu ya vitenzi viwili: gufata, yaani kushika, na kugura, yaani kununua. Ndani yake mna wazo zito kuliko hesabu ya pesa. Anayechukua ifatabuguzi anashika ununuzi wa matoleo ambayo bado hayajaandikwa, kwa kumwamini mtu ambaye pengine hatamwona maishani. Siku hizi ahadi hiyo hufungwa kwa anwani ya barua pepe: msomaji anaacha anwani yake, na makala mpya inamfuata alipo. Wengi huihesabu desturi hii kuwa mtoto wa intaneti. Mimi nadhani umri wake ni mkubwa zaidi, na kwamba historia ya usomaji katika milima ya Kanama inatuonyesha nguzo zake: orodha ya majina, mtu anayejulikana wa kuishika, na siku inayojulikana ya kupokea. Mitambo ya chapa na posta ilihitajika, lakini peke yake haikumpata msomaji wa kudumu.

Kanama leo ni sekta ya wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kabla ya hapo ilikuwa komini ya mkoa wa Gisenyi. Barabara itokayo Gisenyi kwenda Ruhengeri inapita hapo, mto Sebeya unashuka kuelekea Ziwa Kivu, na soko la Mahoko hukusanya watu wa vilima vya pande zote. Jirani yake ni Nyundo, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1901. Wakati huo Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, koloni lililokuwa na magazeti ya Kiswahili kama Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904. Wabelgiji walipoitwaa Rwanda mwaka 1916, mkondo huo ulikatika. Mapadri walihofu kwamba Kiswahili kingeleta Uislamu pamoja nacho, wakaweka nguvu zao kwenye Kinyarwanda. Ndiyo maana Tanganyika ilikuwa na gazeti la Mambo Leo tangu Januari 1923, huku Wanyarwanda wakingoja hadi Septemba 1933, Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki, lilipotoka Kabgayi kwa lugha yao wenyewe.

Sasa jiulize gazeti lililochapwa Kabgayi lilimfikiaje mkulima wa maharage kwenye kilima cha Kanama. Katika nchi zetu barua haibishi hodi mlangoni. Hulala kwenye sanduku la posta mjini mpaka mwenyewe aje kuichukua, na mkulima yule hakuwa na sanduku. Marekani ilitatua tatizo la namna hiyo kwa sheria ya posta ya mwaka 1792, iliyoagiza magazeti yabebwe kwa nauli ndogo kuliko barua, na hivyo dola ikabeba mzigo kwa niaba ya msomaji. Rwanda ya wakoloni haikuwa na posta ya kiasi hicho, ila ilikuwa na parokia. Kinyamateka lilisambazwa kwa njia ya parokia, na parokia ndiyo ikawa sanduku la posta la wasio na sanduku. Jumapili watu walishuka kutoka vilimani kwa ajili ya misa, na safari hiyohiyo ikawa ya gazeti. Katika nchi ambayo waliojua kusoma walikuwa wachache, nakala moja haikuwa ya macho mawili tu: aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, na gazeti likaishi kwa sauti muda mrefu baada ya karatasi kukunjwa. Kwa hiyo jina moja kwenye orodha lilisimama mahali pa watu wengi, na kulifuta jina hilo kulikuwa ni kuziba masikio ya jirani kadhaa.

Nyundo yenyewe ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami aliwekwa kuwa askofu wa huko, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika makoloni ya Wabelgiji. Mwaka 1954 alianzisha gazeti la watoto akaliita Hobe. Jina hilo ni salamu ya upendo, na lina undugu na guhobera, kumkumbatia mtu. Uchaguzi huo unasema mengi. Mzee aliyetumia miaka yake kukusanya mila, hadithi na methali za Wanyarwanda alijua kwamba maandishi yanayokuja kwa mtoto hayana budi kuingia kama mgeni wa nyumbani, kwa kusalimu kwanza. Mtoto aliyelizoea Hobe alijifunza pia kungoja, na kungoja maandishi ni nusu ya usomaji. Gazeti la kuokota njiani husomwa na kusahaulika. Lile unalolingojea hukukuta tayari una maswali ya kuliuliza.

Mtu anaweza kupinga kwamba huo haukuwa uhuru wa msomaji hata kidogo. Aliyebeba gazeti ndiye aliyebatiza, ndiye aliyefungua shule. Nani angethubutu kulikataa? Hoja hii ina ukweli mwingi, na ukweli wake unazidi tukikumbuka kwamba katikati ya miaka ya 1950 mhariri wa Kinyamateka alikuwa Grégoire Kayibanda, ambaye nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 alikuwa rais. Kurasa zilizoingia majumbani kwa mkono wa parokia zilibeba pia siasa zake, na siasa hizo ziliwagawa wananchi. Hata hivyo, uleule mtandao wa parokia ulifanya kazi nyingine baadaye. Padri Sylvio Sindambiwe, aliyelihariri Kinyamateka miaka ya 1980, aliondolewa kwa sababu ya ukosoaji wake, akafa Novemba 1989 katika ajali ya barabarani ambayo wengi hawakuamini kuwa ni ajali tu. Padri André Sibomana, aliyechukua uhariri mwaka 1988, aliandika juu ya njaa ya kusini na ufisadi wa wakubwa. Alishtakiwa mwaka 1990 na mahakama ikamwachia. Gazeti la serikali lisingeweza kusema hayo. Kinyamateka liliweza kwa sababu halikula mkononi mwa serikali, na njia yake ya kuwafikia wasomaji haikupita katika ofisi za serikali. Anayeishika orodha ndiye anayeshika uhuru wa gazeti, kwa heri au kwa shari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka Gisenyi kwenyewe. Mei 1990 lilianza gazeti la Kangura, mhariri wake Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi. Lilichapa chuki dhidi ya Watutsi waziwazi, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia Ngeze hatiani kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari; rufaa ilimpunguzia kifungo hadi miaka 35. Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia Nyundo, seminarini na kwenye kanisa kuu, waliuawa pamoja na mapadri. Kama gazeti linaweza kumfuata msomaji hadi kilimani, basi sumu nayo inaweza. Sina jibu la kulipunguza jambo hili, wala halifai kupunguzwa. Ninachosema ni kwamba linatuonya tusiabudu njia ya kufikisha. Njia haina dini. Hubeba asali na hubeba sumu kwa kasi ileile. Kinachobaki kuwa kinga ni haki ya msomaji kumjua anayemwandikia, kumjibu, na kumfungia mlango. Pale ambapo haki hizo zimekufa, orodha ya wasomaji hugeuka kuwa orodha ya watu wa kuchochewa.

Hapo ndipo barua pepe inapoingia katika historia hii kama mrithi. Mwaka 1986, huko Paris, Eric Thomas aliandika programu ya LISTSERV, iliyomwezesha mtu kujiandikisha kwenye orodha, na kujiondoa, kwa kutuma ujumbe mfupi bila kumwomba karani yeyote. Uwezo wa kujiondoa ndio ninaouhesabu kuwa hatua kubwa kuliko kasi. Mkulima wa mwaka 1933 angelazimika kumweleza katekista uso kwa uso kwa nini halitaki tena gazeti. Rwanda nayo imeupa uwezo huo nguvu ya sheria: sheria ya Oktoba 2021 ya kulinda data binafsi inataka ridhaa ya mwenye jina, na inampa haki ya kuiondoa. Atasema mtu kwamba Mahoko leo wanatumiana habari kwa WhatsApp na barua pepe ni ya watu wa ofisi. Huenda, lakini chombo kikibadilika ahadi haibadiliki. Ujumbe uliosambazwa na asiyejulikana, saa yoyote, kwa watu ambao hawakuuomba, haufikii hata kiwango cha parokia ya zamani, ambako angalau ulijua nani kakuletea na lini atarudi.

Kwa hiyo anayetaka kuwafikia wasomaji wa Kanama leo ana mambo matatu ya kurithi na moja la kurekebisha. Ataje jina lake, aweke siku na aitunze, aishike orodha kama amana. La kurekebisha ni mlango: zamani ulifunguliwa na kufungwa na mwenye gazeti, sasa ufunguo awe nao msomaji. Yakitimia hayo, kushika ununuzi kutakuwa na maana kamili ambayo neno lenyewe lilikuwa nayo tangu mwanzo, kwa sababu mwenye kushika kwa hiari yake anaweza pia kuachia.