Ethiopia: Minyoo na maumivu ya tumbo yanavyotishia farasi wa mikokoteni

Ethiopia, jirani ya Kenya upande wa kaskazini, ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye farasi wengi zaidi. Katika miji yake mingi midogo, farasi huvuta mkokoteni wa abiria unaoitwa "gari", na familia nzima huishi kwa mapato yake. Mnyama huyo akifa, riziki hukatika.

Maumivu makali ya tumbo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya farasi. Tumbo lake ni dogo, hubeba lita 8 hadi 15 tu, naye hawezi kutapika. Gesi au chakula kikizidi, tumbo huweza kupasuka. Farasi aliyeumbwa kula nyasi kidogo kidogo mchana kutwa, anapolishwa kwa mkupuo mmoja na kukosa maji, huwa hatarini zaidi.

Dalili zake ni kuparapara ardhi kwa kwato, kugeukia ubavu, kutokwa jasho, kugaagaa na kukosa choo. Mwenye farasi hutakiwa kuondoa chakula na kumwita daktari wa mifugo mara moja. Kumnywesha dawa kwa nguvu ni hatari, kwani huweza kuingia mapafuni.

Minyoo huzidisha balaa. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, kisha mabuu hupanda kwenye majani na kuliwa. Mabuu ya mnyoo aitwaye Strongylus vulgaris huingia katika mishipa inayopeleka damu kwenye utumbo na kukaa humo kwa miezi kadhaa. Damu ikiganda, sehemu ya utumbo hufa. Minyoo midogo hujificha katika ukuta wa utumbo mpana, wakati mwingine kwa zaidi ya miaka 2, kisha hutoka kwa wingi na kusababisha kuhara na kukonda. Watoto wa farasi husumbuliwa na minyoo mikubwa inayoweza kuziba utumbo.

Dawa zipo, lakini minyoo katika nchi nyingi imekuwa sugu. Kutoa dozi pungufu, au kumpa kila farasi dawa bila kupima, huharakisha usugu huo. Wataalamu hushauri mayai yahesabiwe kwanza katika kinyesi, dozi ilingane na uzito, na samadi iondolewe malishoni angalau mara 2 kwa wiki. Kwa mwenye mkokoteni asiye na fedha nyingi, koleo la kuzolea samadi ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote.