Mkate Ulipoadimika: Historia ya Seliaki kwa Watoto

Kuna maradhi ambayo mama anaweza kuyalisha kila asubuhi bila kujua. Yanaitwa seliaki.

Mwaka 1888, daktari Samuel Gee wa London aliandika kuhusu watoto wanaoharisha, matumbo yamefura na miili imekonda. Akasema kama wana tiba, basi imo kwenye chakula. Chakula gani? Hakukipata. Mwaka 1924, Sidney Haas wa New York akawalisha ndizi. Walipopata nafuu, watu wakadhani ndizi ndiyo dawa. Kumbe nafuu ilitokana na kile walichoachishwa.

Jibu lilitoka Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Vita vilipoleta njaa kali majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika, na wagonjwa wake wakapata nafuu. Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Mwaka 1950 akayaeleza hayo katika tasnifu yake. Leo tunajua kwamba gluteni, protini ya ngano na shayiri, huufanya mwili wa mwenye seliaki uushambulie utumbo wake wenyewe.

Hata hivyo, kwa miaka mingi maradhi haya yalidhaniwa ni nadra, kwa kuwa waliohesabiwa ni wale waliokonda na kuharisha tu. Vipimo vya damu vikageuza hesabu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2003 ulipima watu zaidi ya 13,000. Kwa wasio na dalili wala jamaa mgonjwa, alikutwa 1 kati ya 133. Kwa wenye mzazi, ndugu au mtoto mgonjwa, 1 kati ya 22. Watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza au hali ya Down nao wamo hatarini zaidi. Wengine hawaharishi kabisa. Huonyesha upungufu wa damu usiokwisha au kimo kisichoongezeka, na wengine hawana dalili yoyote.

Basi mama, mtoto mmoja akithibitika, ndugu zake nao wapimwe, hata wakionekana wazima. Ila usiwaachishe boflo, chapati wala maandazi kabla ya kupimwa, maana kipimo kinaweza kusema hawana nao wanayo. Atakayethibitika ataacha ngano maisha yake yote, lakini wali, muhogo, ndizi na samaki vitamtosha kukua vizuri.