Diski, kitendawili na kompyuta: Nani mpelelezi wa lugha?

Mpelelezi wa kwanza niliyepata kumfahamu hakuwa polisi wala mhusika wa riwaya. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la nne katika shule moja ya msingi kule Embu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mpelelezi huyo alikuwa mimi.

Shuleni kwetu kulikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye uzi. Tulikiita diski. Aliyesikika akizungumza Kiembu alivishwa shingoni, na njia ya pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake akiteleza ulimi. Jioni mwalimu alimuuliza aliyebaki nacho, "Umekipata kwa nani?" Aliyetajwa naye aliulizwa vivyo hivyo, hadi mlolongo mzima ukafichuka. Viboko vikafuata. Ngũgĩ wa Thiong'o aliueleza mtindo wa aina hii katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986, lakini wengi wa rika langu, kutoka Runyenjes hadi Maua, hawahitaji kitabu ili waukumbuke.

Siku moja diski ilikuwa shingoni mwangu na kengele ya mwisho inakaribia kulia. Nikamwendea binamu yangu uwanjani, nikamtegea kitendawili kwa Kiembu, kama tulivyozoea kufanya usiku jikoni kwa nyanya. Akajibu kabla ya kufikiri. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Nikamvisha kibao. Tangu siku hiyo hakunijibu tena kitendawili.

Kisa hicho kilinirudia likizo iliyopita nilipomkuta mjukuu wangu akicheza gemu ya upelelezi kwenye kompyuta. Alikuwa akisoma maneno ya shahidi mmoja kwa mara ya tatu, akitafuta neno lililomponyoka. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na sijaona wanafunzi wengi wakirudia sentensi moja mara tatu kwa hiari yao!

Gemu za namna hii zina historia ndefu kiasi. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ya Marekani ilitoa Deadline. Haikuwa na picha kwenye skrini. Mchezaji alichunguza kifo cha tajiri mmoja kwa kuandika sentensi na kusoma majibu. Mwaka 1985 Brøderbund ikatoa Where in the World Is Carmen Sandiego?, ambamo mchezaji humfuata mwizi kutoka mji hadi mji akiongozwa na maneno ya mashahidi. Katika miaka ya 1990 ikaja Who Is Oscar Lake?, iliyotungwa mahususi kwa wanaojifunza lugha. Humo mchezaji anashukiwa kwa wizi wa almasi, na hana budi kuzungumza na watu kwa lugha anayojifunza ili ajisafishe jina. Katika gemu zote hizi lugha ni ufunguo. Usipoielewa vyema, mwizi anakuponyoka.

Je, hili ni jambo geni kwetu? La hasha. Kwa Waembu kitendawili ni ndai, na Profesa Ciarunji Chesaina alihifadhi utajiri wa fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere katika kitabu chake cha 1997. Katika Kiswahili tunasema, "Kitendawili!" na kuitikiwa, "Tega!" Hebu tutege hiki: Popote niendapo ananifuata. Msikilizaji akisikia kiambishi a-, akili yake hukimbilia ngeli ya A-WA. Atamshuku mbwa, atamshuku mtoto. Kumbe jibu ni kivuli, nomino ya ngeli ya KI-VI. Sarufi yenyewe ndiyo iliyomficha mshukiwa! Mtoto wa miaka sita amefunzwa upatanisho wa kisarufi bila kutajiwa neno "upatanisho".

Na akishindwa? Mtegaji hudai, "Nipe mji." Hupewa Mombasa, Meru au Nairobi, akasimulia alivyofika huko na kupokewa, ndipo atoe jibu. Wahenga waliigawa miji kwa vitendawili muda mrefu kabla ya Carmen Sandiego kuanza kuikimbilia.

Mchezo huu ulivunjwa na nini? Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ya Gachathi ya 1976 ikapendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, ila kufikia hapo diski ilikuwa imekwisha kutufunza kwamba lugha ya mama ni kosa. Baadaye vitendawili vilirudi shuleni kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Nakiri kwamba nami niliifundisha orodha hiyo. Mtoto aliyekariri majibu si mpelelezi. Ni shahidi aliyefunzwa la kusema.

Leo hatuna kisingizio. Tangu 2016 serikali imepeleka vipakatalishi katika shule za msingi, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 unatambua lugha za kiasili katika gredi za chini. Kinachohitajika ni watunzi. Gunia la miraa limepotea njiani kutoka Maua. Shahidi wa kwanza anazungumza Kiigembe, wa pili Kiimenti, wa tatu Kitharaka. Wote wameliona gari lile lile, lakini maneno yao yanatofautiana. Mtoto atakayesikiliza kwa makini ndiye atakayelipata gunia. Watunzi hao wazingatie sharti moja tu: lahaja ya mtu iwe dalili ya kusikilizwa, kamwe isiwe hatia ya kumnasa nayo.

Binamu yangu sasa ni mzee mwenye wajukuu. Tukikutana kwenye matanga na harusi, tunasalimiana kwa Kiembu, tunaulizana habari za mvua na kahawa, basi. Safari ijayo nitamwomba anitegee kitendawili. Hata nikilijua jibu, nitasema nimeshindwa. Nina deni lake la mji tangu darasa la nne.