Aliyeshika Njia: Runinga Katika Milima ya Rungwe

Mapaa ya Tukuyu yanasomeka. Dishi lililogeukia magharibi, likielekea kaskazini kidogo, linafuata setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, na sebuleni kuna king'amuzi cha Azam. Lililoinuliwa zaidi kuelekea juu linafuata ile ya nyuzi 36, na humo wanatazama DStv. Antena ya kawaida, ile ya matawi ya bati, haina msaada mkubwa kwa nyumba iliyojificha bondeni, na sababu yake ni ardhi yenyewe. Mawimbi ya mitambo ya ardhini hupenda kusafiri kwa mstari ulionyooka. Kati ya Jiji la Mbeya na Tukuyu imesimama Milima ya Uporoto, na ukishaivuka unakutana na Mlima Rungwe, wenye karibu mita 3,000, kisha migongo na makorongo yanayoteremka hadi Kyela. Mtazamaji wa hapa amekuwa akihitaji mtu wa kumvushia picha. Naamini ukitaka kuielewa historia ya runinga Rungwe, mtazame huyo mvushaji kuliko kuangalia mashine. Mwenye nyumba amenunua chombo kwa fedha yake, lakini ruhusa ya kukitumia imebaki mikononi mwa mwingine.

Kwa muda mrefu hapakuwa na cha kuvusha. Zanzibar ilianza kurusha runinga ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja hadi 1994, vilipoanza vituo binafsi vya Dar es Salaam, ITV kikiwemo. Ng'ambo ya Mto Songwe hali haikuwa tofauti, kwa kuwa Malawi nayo ilianzisha runinga yake mwaka 1999. Hivyo kizazi kizima cha Rungwe kilikua na redio ya Taifa peke yake, na picha ya kwanza inayotembea kwa wengi wao ilitoka kwenye kanda.

Hapo ndipo kilipoingia kibanda cha video. Deki moja, runinga moja, mabenchi, turubai la kuzuia mwanga, na jenereta pale ambapo umeme haujafika. Mwenye kibanda alitoza kiingilio mlangoni, akachagua filamu, akapanga saa. Kisha akaja mtafsiri. Lufufu alipoanza kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, sauti yake ikapachikwa juu ya picha na kusambazwa nchi nzima, na mtu asiyejua Kiingereza wala Kichina akaifuata hadithi mwanzo hadi mwisho. Naiona kazi hiyo kuwa moja ya ubunifu mkubwa wa utamaduni wa watu wa kawaida nchini, na imeandikwa kidogo mno. Kwa hoja hii, muhimu ni kwamba kanda ikishafika kibandani ilikuwa imefika. Hakuna aliyeweza kuizima akiwa Dar es Salaam. Ilichakaa, iliibwa, ilinakiliwa, lakini haikuisha muda wake kwa sababu hujalipia mwezi.

King'amuzi kiligeuza mambo. Serikali ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ikaendelea mji baada ya mji, na zamu ya Mbeya ikafika Aprili 2013. Mwishoni mwa mwaka huohuo Azam TV ikaanza kurusha kwa setilaiti. Kwa watu wa milimani dishi lilikuwa ukombozi wa kweli, maana setilaiti haijali Uporoto. Lakini ndani ya king'amuzi kuna kadi, na kadi humtii aliyeitoa. Agosti 2018 jambo hilo likaonekana wazi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwaagiza warushaji wa setilaiti wa kulipia, yaani DStv, Azam na Zuku, waondoe chaneli za kitaifa za bure kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Mantiki ya mamlaka haikuwa ya hovyo: chaneli ya bure isigeuzwe bidhaa, ikatwe pale mteja anaposhindwa kulipia kifurushi. Aliyekuwa Kariakoo aliweza kuhamia kwenye king'amuzi cha antena akaendelea kutazama. Aliye bondeni, nyuma ya kilima, antena hiyo haikumfaa. Kwake agizo lililokusudia kumlinda lilimfungia njia pekee aliyokuwa nayo. Baadaye kanuni zilirekebishwa na chaneli zikarudi, lakini kanuni moja ilikuwa imekwisha kupima nchi nzima kwa ardhi tambarare ya pwani.

Atapinga mtu kwamba mvushaji ana gharama, na mwenye kipindi ana haki yake. Ni kweli, na Kenya inaonyesha uzito wa pingamizi hilo. Februari 2015 makampuni ya Nation, Standard na Royal Media yalikaa bila kurusha vituo vyao karibu wiki tatu katika mgogoro wa kuhamia dijitali, mojawapo ya malalamiko yao likiwa kwamba ving'amuzi vya wengine vilibeba chaneli zao bila ridhaa. Hata vibanda vyetu viliishi kwa kazi za watu ambao hawakulipwa senti, na sioni njia ya kulitetea hilo. Ila haki ya mwenye kipindi inahusu malipo na ridhaa. Haitoshi kueleza kwa nini mwananchi aliyenunua dishi, king'amuzi na runinga akose taarifa ya habari ambayo mrushaji mwenyewe anaitoa bure kwa wenye antena.

Pingamizi la pili ni kwamba intaneti imeyamaliza hayo yote. Wapo wanaojenga maktaba yao nyumbani: kompyuta moja inayotunza filamu na kuzisambaza kwenye runinga na simu za familia, kwa programu kama Kodi au Plex. Programu hizo zilipata umaarufu kwa sababu ya programu-jalizi, vipande vidogo vilivyoandikwa na watu wa kujitolea ili kuleta vipindi vya mitandao ya runinga kwenye skrini ileile. Lakini Februari 2009 Hulu, huduma ya vipindi mtandaoni, ilijiondoa kwa matakwa ya wenye vipindi kwenye Boxee, programu nyingine ya aina hiyo, na Septemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya agizo la TCRA, Plex ilitangaza kuachana na programu-jalizi zake. Filamu zilizokuwa kwenye diski za watu zilibaki. Zilizopotea ni zile zilizopitia kwa mwingine. Fundi wa Tukuyu anayejaza filamu kwenye flashi za wateja anafanya, kwa vifaa duni zaidi, kazi ileile ya maktaba hizo, na flashi yake hucheza hata kifurushi cha data kikiisha.

Mvua nayo ina neno katika hili. Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mawimbi ya madishi madogo, yenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, humezwa na matone mazito kirahisi kuliko yale ya madishi makubwa ya zamani, ambayo hufika sentimita saba hadi nane. Masika ikichanganya, picha hugandaganda kisha hukatika. Hilo halina wa kulaumiwa. Leseni ni jambo la watu, nayo inaweza kuandikwa vingine: kila mrushaji wa setilaiti anayeuza dishi katika wilaya za milimani alazimike kuacha chaneli za taifa zikiwa wazi, kadi iwe imelipiwa au haijalipiwa, na gharama za kuzibeba zijadiliwe na wenye vituo kabla ya leseni kusainiwa.