Ramani ya darasa ichorwe na wote kabla ya tofali la kwanza

SALAMA ni mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, katika Kaunti ya Makueni. Malori hupita usiku na mchana, na jua la Ukambani halina huruma kwa paa la mabati. Anayetaka kujenga darasa katika mazingira kama haya hukabiliwa na kelele, vumbi, joto na uhaba wa maji hata kabla hajaufikiria mtaala. Hata hivyo, madarasa mengi nchini hujengwa kwa umbo lile lile la tangu jadi: chumba cha mstatili, ubao mbele, madawati kwa safu.

Umbo hilo lilifaa pale mwalimu alipokuwa msemaji na mwanafunzi msikilizaji. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unamtaka mtoto afanye kazi kwa kikundi, aunde vitu kwa mikono yake na ajaribu mambo nje ya darasa. Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walipoingia sekondari msingi, walibaki katika shule za msingi, ambazo nyingi hazikuwa na maabara.

Si mara ya kwanza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, wazazi walitakiwa kujenga karakana na vyumba vya sayansi kimu. Vingi havikukamilika, na vingine vikageuka stoo. Watu waliamrishwa kujenga. Hawakuulizwa vyumba hivyo vingetumiwaje.

Wakamba wana mwethya, desturi ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya pamoja. Desturi hii imejenga shule na mabwawa mengi Makueni na Kitui. Kasoro ni kwamba wananchi huitwa wakati uamuzi umeshapita: walete mchanga, kokoto na mchango wa fedha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 iliweka bodi ya usimamizi na chama cha wazazi, hivyo mahali pa kushauriana papo. Aidha, Katiba ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea, huku shule za msingi na sekondari zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Matokeo yake ni kuwa serikali mbili zaweza kujenga ndani ya ua mmoja, kila moja na ramani yake.

Mashauriano hayahitaji gharama kubwa. Vipimo vya darasa vichorwe uwanjani kwa jivu, kwa ukubwa wake halisi. Madawati yapangwe humo kwa vikundi, watoto waketi, mwalimu apite kati yao. Mtoto wa kiti cha magurudumu aingie na kugeuka. Fundi mwashi awepo, na wanafunzi waulizwe ni wapi jua huwachoma na ni wapi hawasikii. Hao ndio wanaokaa humo siku nzima, ilhali ndio wasioulizwa kamwe.

Yapo mambo yasiyo ya kupigiwa kura. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 ulieleza kuwa darasa la mita 7.5 kwa 6 lisizidi wanafunzi 40 katika madawati ya watu wawili wawili, na kwamba milango ifunguke kwa nje. Ukambani wanajua sababu. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Mengine ni hesabu nyepesi. Karibu na ikweta, kuta ndefu zikielekea kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni haliingii moja kwa moja madirishani. Paa la mita mraba 45 likipata mvua ya milimita 500 kwa mwaka, hukusanya lita 22,500 kabla ya upotevu, mradi mfereji na tangi viwemo kwenye ramani tangu mwanzo.

Huko Italia, mwaka wa 1945, wanakijiji wa Villa Cella karibu na mji wa Reggio Emilia waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Ujerumani, wakajenga shule ya watoto wadogo. Shule za mji huo zilikuja kusifika duniani kwa kuyahesabu mazingira kuwa mwalimu wa tatu.

Fedha zikitosha chumba kimoja tu, ramani ya pamoja bado huonyesha cha pili kitakaa wapi, tangi litawekwa wapi, na miti ya kukinga vumbi la barabarani itapandwa upande gani. Miti hiyo haisubiri saruji. Yaweza kuingia ardhini mvua za Oktoba zinapoanza.